Kabla nikupe funguo: ulihama aje kule ulikotoka?

Jumamosi iliyopita niliweka kibao kwa geti, bedsita moja, nyumba ya chumba kimoja, iko tupu, na kufikia saa mbili usiku simu yangu ilikuwa imelia mara 17. Kumi na saba, kwa nyumba moja. Mtu ambaye ndio ameanza hii kazi ya kupangisha anaweza kuona hiyo ni baraka, chukua wa kwanza mwenye pesa mkononi, mpe funguo, maliza. Hata mimi nilianza hivyo. Sahii hata uje na kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo siwezi kukufungulia mlango kabla nijue kitu kimoja, ulihama aje kule ulikotoka. Pesa unayopata nitaiuliza, kazi yako nitaiuliza, lakini hayo yote yanakuja nyuma ya hilo swali.

Kwa wale hatujuani, niko na nyumba 12 Kahawa West hapa Nairobi, ploti mzee wetu alituachia, bedsita nane za 8,000 na nyumba nne za chumba na sebule za 13,000. Nazisimamia mwenyewe tangu 2018, hakuna ajenti, ni mimi na keateka mmoja, mtunza ploti, anaishi pale chini karibu na tangi. Kuna marafiki wamejenga juzi na mkopo wa SACCO wananiuliza kila siku huwa nachagua wapangaji aje, nimeona heri niandike yote mahali pamoja.

Wacha nianze na aliyenifundisha. 2021 alikuja mwanaume mmoja, miaka kama 40 hivi, shati imepigwa pasi, anaongea polepole, ananiita madam. Alikuwa na pesilipi ya mshahara, barua ya kazi, kopi ya kitambulisho, zote kwa bahasha ya kaki. Nikaomba namba ya landilodi wake, akanipa palepale. Nikapiga, akashika mzee mmoja mwenye sauti nzuri, akamsifu huyo mtu kama anaoza binti, huyo hana makelele, hana wageni wa usiku, hutajuta mama, mpe tu nyumba. Sikuuliza swali lingine hata moja. Akaingia nyumba ya 13,000, akalipa mwezi wa kwanza na nusu ya dipoziti, ile nusu nyingine ingekuja mwisho wa mwezi. Mwezi wa pili alilipa tarehe 19. Wa tatu akatuma 5,000. Wa nne, wa tano na wa sita ikawa ni maneno, mara mshahara umechelewa, mara kuna matanga kwao na mimi nikamchangia hayo matanga kwa sababu msiba ni msiba. Usiku wa Jumamosi moja keateka akiwa ameenda kwao Kitui, yule mtu akahama. Majirani walisikia mkokoteni saa nane usiku wakadhani ni mtu wa maji. Ukipiga hesabu ni 47,000 za kodi, toa ile nusu dipoziti ubaki na 40,500, na bado sijahesabu sinki iliyong'olewa na bili ya maji.

Nilimpigia yule mzee tena. Sikuwa nataka ugomvi, nilitaka tu kujua kama kwake pia ilikuwa hivyo. Akanyamaza kitambo, halafu akaniambia, "Mama, nisamehe. Kwangu alikuwa na deni la miezi minne. Ulipopiga simu nilikuwa naomba Mungu apate pa kwenda."

Hayo maneno yalinikaa kwa kifua wiki nzima. Nilimkasirikia, ndio, lakini nilimwelewa pia, na hapo ndipo nilijua nilikuwa nauliza mtu mbaya. Landilodi wa sasa wa mtu msumbufu ndiye mtu mwenye sababu kubwa kuliko wote Nairobi hii ya kumsifu. Mwenye alimpangisha kabla ya huyo, yeye hana haja tena, deni alishalilia likaisha, atakwambia ukweli kwa dakika mbili. Kwa hivyo siku hizi naomba namba mbili, ya unakotoka na ya ulikokaa kabla ya hapo, na hiyo ya pili ndiyo naipiga kwanza.

Kuna watu huniambia, kwani shida iko wapi, asipolipa si unafunga mlango na kufuli. Tafadhali usifanye hivyo. Mnakumbuka 2020 wakati wa korona vile landilodi walikuwa wananaswa kwa taarifa waking'oa mabati na milango ya watu, ile ilikuwa aibu na tena ni kuvunja sheria, mtu akishaingia kwa nyumba kama mpangaji humtoi kwa nguvu zako, unamtoa na amri ya korti. Nyumba ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi zina mahakama yao maalum chini ya Sura ya 296 ya sheria za Kenya, lakini wangapi bado wana nyumba ya bei hiyo huku kwetu? Sisi wengine tunaenda korti ya kawaida na ratiba zake. Ukitaka okshonia, yule dalali wa mnada, sheria iko, Sura ya 293 inamruhusu aliye na leseni kushika mali ya mpangaji kwa deni la kodi, sasa mwambie ashike nini kwa nyumba imebaki na waya na kipande cha sabuni. Kuna pia ile korti ya madai madogo iliyoanza kazi 2021, inasikiza madai hadi milioni moja na inatakiwa kumaliza kesi kwa siku 60, ni msaada mkubwa kweli kama unajua mtu wako anakaa wapi. Yule wangu laini yake ya simu ilizimwa siku hiyohiyo aliyohama. Ndio nasema kazi yote ya landilodi anayejisimamia iko pale kwa geti kabla funguo hazijabadilisha mkono. Baadaye umebaki kuomba.

Sasa vile napiga hiyo simu. Sianzi na kutaja jina la mtu. Naanza kama natafuta nyumba, "Habari ya leo, nimesikia uko na nyumba za kupangisha hapo Zimmerman, bado kuna iliyo tupu?" Landilodi ama keateka wa kweli hilo swali amelijibu mara mia, atakwambia iko ya ghorofa ya tatu, ama zimejaa, ngoja mwisho wa mwezi. Lakini kama ni binamu alipangwa ajifanye landilodi, utasikia "eeeh... nyumba gani?" na hapo unashukuru unakata simu. Nikishajua ni mwenyewe ndio najitambulisha kabisa, nasema mimi ni fulani wa Kahawa West, kuna mtu amekuja kwangu anasema alikuwa kwako na amekubali nikupigie, una dakika?

Halafu nauliza vitu vidogo. Kodi yake ilikuwa ngapi, hiyo simtajii, nataka aitaje yeye nione kama inafanana na ile niliambiwa. Alikuwa analipa tarehe ngapi. Alipeana notisi ya mwezi ama uliamka ukapata mlango wazi. Dipoziti ulimrudishia ama aliimaliza ndani kama kodi ya mwezi wa mwisho, na hiyo mnajua ni kawaida Nairobi kwa sababu wapangaji hawaamini dipoziti hurudi na wana haki ya kutoamini, sisi ndio tuliwafunza. Na swali la mwisho kabisa ni hili, akirudi kesho na mizigo yake utampa nyumba? Mtu anaweza kudanganya kwa hayo mengine lakini kwa hilo ananyamaza kwanza. Nasikiza vile ananyamaza.

Kama bado sijatulia napanda matatu. Kutoka kwangu hadi Zimmerman ni Kamiti Road tu, si mbali. Nikifika nanunua kitu kwa duka la pale geti, maziwa ama mayai, na naongea na mwenye duka kwa sababu huyo anajua kila mtu na deni lake. Siulizi mambo ya chumbani mwa mtu. Mtu alilala wapi na nani hiyo si kazi yangu, nauliza tu, yule jirani wenu alihama aje, mchana na lori watu wakimpungia mkono ama aje? Ukiambiwa majirani walimsaidia kubeba godoro, nusu ya wasiwasi imeisha.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Pesilipi siku hizi inatengenezwa na mtu yeyote mwenye kompyuta na printa, siitegemei. M-Pesa ndiyo haidanganyi. Namwomba mtu akae hapo kwa kiti afungue stetimenti yake kwa simu yake mwenyewe, na anioneshe tu malipo ya kodi ya miezi mitatu, sitaki nitumiwe, sitaki kujua anamtumia mama yake ngapi. Naangalia tu tarehe, na kama pesa inaenda kwa namba ileile ama jina lilelile aliloniambia. Nikiona Fuliza hapo, ule mkopo mdogo wa M-Pesa, sikasiriki, nani hana Fuliza Nairobi hii. Mtu anayelipa kodi tarehe 5 kwa Fuliza kwangu ni bora kuliko mwenye akaunti ya benki imenona na analipa akijiskia. Na jina la M-Pesa lazima lifanane na la kitambulisho, hilo unaliona ukitaka tu kumtumia hata shilingi kumi, jina linakuja kabla utume.

Wanafunzi wa Kenyatta University huwa wananijia sana kwa sababu ya ukaribu. Hawana landilodi wa kwanza, wametoka hosteli ama kwao. Hao naongea na mzazi, na mzazi ndiye anaweka sahihi ya kudhamini kwa mkataba. Mzazi akikataa kuongea na mimi hata kwa simu, basi.

Wale wa biashara ndogo ndio nataka niwatetee hapa, kwa sababu nimeona landilodi wengi wakiandika kwa kibao "walioajiriwa pekee" na inaniuma. Mama anayeuza nyanya soko la Githurai hana barua ya kazi, lakini ana chama cha kuchanga pesa. Miaka mitatu iliyopita alinijia mmoja, ameshakataliwa ploti nne, ana watoto wawili, hana bwana, na kila mahali wanamuuliza bwana yako yuko wapi kama kwamba bwana ndiye hulipa kodi. Nikamuuliza mama, kuna chama uko? Akatoa kidaftari kwa mfuko wa aproni, kimelowa pembeni, 200 kila siku, mistari imejazwa miezi 14 na siku alizokosa zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nikaongea na mweka hazina wao, mama mmoja mkali kweli, akaniambia huyu akikosa leo kesho analeta 400. Niambieni pesilipi gani inaweza kunieleza hivyo. Yuko nyumba namba 3 hadi leo. Analipa kidogokidogo kila Jumatatu kwa sababu hivyo ndivyo pesa yake inaingia, tulikubaliana tangu mwanzo tukaandika, na kila mara namtumia meseji ya risiti.

Kuna vitu siulizi na nitavisema wazi. Siulizi kabila. Najua kuna maploti mtu anaulizwa jina la pili kabla ya jina la kwanza, na Katiba kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, lakini mimi hata sihitaji Katiba kwa hilo. Baada ya uchaguzi wa 2007 kuna watu hapa Nairobi walitolewa kwa nyumba walizokuwa wamelipia kwa sababu ya jina tu. Mzee wetu aliwaambia wapangaji wake wakae ndani wasitoke, yeye akachukua kiti akakaa kwa geti siku nne na redio yake, na waliokuja kuuliza nani anaishi hapa aliwajibu hapa wanaishi wapangaji wangu. Ploti ni ileile, geti ni ileile, siwezi kusimama hapo leo nikiuliza mtu kwao ni wapi ndio nimpe nyumba.

Kingine, kuna yale magrupu ya WhatsApp ya landilodi ambapo mtu akihama na deni picha yake na kitambulisho chake vinarushwa hapo watu wamwone. Nilikuwa kwa moja, nikatoka. Najua uchungu, nimekwambia nilipoteza 40,500, lakini kitambulisho mtu alikupa ya kuingia nyumba si yako ya kusambaza, kuna sheria ya kulinda data ya 2019 na unaweza kujikuta wewe ndiye unalipa. Na zaidi ya sheria, nimeona hapo jina la mtu ambaye hakuwa na deni lolote, walikosana tu na landilodi kuhusu maji. Huyo atapata nyumba wapi? Mimi kitambulisho naandika namba kwa kitabu, na jina la mtu mmoja wa karibu nikihitaji kupiga simu akiwa mgonjwa, kitabu kiko kwa kabati na funguo ninayo mimi.

Sasa usifikirie mtu akiwa na deni kule alikotoka basi mimi nafunga mlango. 2022 alikuja kijana mmoja wa kazi ya hoteli. Kabla nimuulize chochote akasema, "Mama, wacha nikwambie mapema, nilitoka kwa nyumba ya mwisho na deni." Hoteli ilifungwa korona ilipoingia, wakaachishwa kazi, akakaa miezi mitatu bila kulipa halafu akarudisha bibi na mtoto nyumbani, yeye akaenda kulala kwa ndugu yake. Nikapiga. Landilodi wake, mama wa makamo hivi, akaniambia, "Huyo alinikuja mwenyewe kwa mlango na bibi yake, akaniambia mama siwezi, akaandika karatasi ya 21,000. Amekuwa akinitumia 1,500 kila mwezi hadi ikaisha. Sikuwa hata namkumbusha." Miezi 14, analipia nyumba ambayo hata halali ndani yake tena. Nilimpa funguo siku hiyohiyo na sikumwitisha mdhamini. Yule wa bahasha ya kaki alikuwa na karatasi zote na huyu alikuwa na deni, na mimi kama ningekuwa nauliza tu "una deni ama huna" ningemkosa mpangaji mzuri kuliko wote nimewahi kupata.

Mkataba andika hata kama ni ukurasa mmoja, kodi ngapi, tarehe ngapi, dipoziti ngapi, notisi mwezi mmoja kwa wote wawili, maji nani analipa, umeme ni tokeni zake. Mpitishe mtu kwa nyumba kabla aingie mpige picha pamoja, kuta, sinki, kitasa. Usikubali nusu dipoziti, kama hana yote mpe muda aitafute, nyumba ikae tupu. Hiyo ndiyo ngumu zaidi kwa sababu nyumba tupu inauma. Lakini nyumba tupu mwezi mmoja imenipotezea 13,000 na KRA, wale wa ushuru, haidai chochote kwa kodi ambayo haijaingia, ile asilimia 7.5 ya ushuru ni ya pesa uliyopokea. Yule bwana alinipotezea mara tatu ya hiyo na usingizi juu.

Mwezi uliopita simu ililia nikiwa sokoni. Mwanamke, sauti ya heshima, "Habari ya leo, nimesikia uko na nyumba za kupangisha hapo Kahawa West, bado kuna iliyo tupu?" Nilisimama hapo katikati ya mafungu ya sukuma wiki, nikajua huyu anafanya kazi yangu. Nikamjibu kuna moja inaweza kutoka. Ndio akajitambulisha, ni landilodi huko Kasarani, anauliza kuhusu kijana wangu wa namba 7.

Sasa huyo wa namba 7 alikuwa na deni la miezi miwili, 16,000. Nilikuwa nimechoka naye. Na nitasema ukweli, kwa sekunde kadhaa ile sentensi ilikuja yote kwa mdomo, huyo ni mtu mzuri, hana makelele, mpe tu nyumba. Nilimsikia yule mzee aliyenisifia mtu wa bahasha ndani ya kichwa changu kabisa. Nikamwambia, "Mama, ana miezi miwili kwangu. Hana fujo, nyumba anaitunza, mwaka wa kwanza alilipa vizuri, lakini tangu mwezi wa tano lazima umfuate." Akauliza, akirudi utampa nyumba? Nikanyamaza. Akasema asante, nimeelewa.

Jioni kijana alikuja kwa mlango amekasirika, umeniharibia mama, umenifungia. Nikamwambia kaa chini. Tulikaa kwa ngazi hadi saa nne usiku, akaniambia vile pikipiki yake ya kazi ilishikwa na wenye mkopo mwezi wa tano na akaona aibu kusema, na sasa alikuwa amepata siku tatu kwa wiki kwa pikipiki ya mtu. Hakuna lolote kati ya hayo nililokuwa najua. Nilikuwa nimemuuliza pesa kila wiki, sikuwa nimemuuliza kumetokea nini. Tukaandika karatasi, 8,000 ya mwezi na 2,000 ya deni juu, miezi minane, akaweka sahihi na mimi nikaweka, keateka akawa shahidi na tochi ya simu.

Jana saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kabla hata nitoke kitandani, meseji ya M-Pesa iliingia. 10,000.